Kabla hujanipa dawa ya mafua niulize kwanza nakunywa dawa gani nyingine

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya ukiandika habari za mafua huwa unaandika vizuri tu, pumzika, kunywa maji mengi, meza dawa ya kutuliza maumivu, yataisha yenyewe, na kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine ushauri huo unatosha kabisa wala sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni hayo maneno "dawa ya kutuliza maumivu" kuachwa yananing'inia hivyo hivyo bila kusema ni ipi. Sisi wenye magonjwa sugu ya utumbo, nazungumzia koliti ya vidonda na ugonjwa wa Crohn, tukisoma hivyo tunaenda duka la dawa kama watu wengine wote, na huko tunapewa kidonge ambacho pua itakishukuru na utumbo utakilaani.

Niseme mapema kwamba naandika kama mgonjwa, sio daktari. Nina koliti ya vidonda, natumia mesalazini ya kutuliza uvimbe wa utumbo na azathioprini ya kupunguza kinga ya mwili, na benchi la kliniki nalijua vizuri. Pale kwenye benchi ndo unasikia mambo. Kila msimu wa mafua hakosi mtu anayesimulia kwamba alikuwa ametulia kabisa, choo kizuri, damu hamna, akapata kimafua cha kawaida akanywa dawa ya dukani siku chache, na sasa yuko hapa tena anaenda chooni usiku kucha. Ukimuuliza dawa gani anakwambia "ya mafua". Hajui zaidi ya hapo, na simlaumu, maana mbele ya pakiti kumeandikwa mafua kwa herufi kubwa na yeye alikuwa anaumwa mafua, sasa alitakiwa ashtuke nini?

Ukweli ni kwamba dawa ya mafua sio dawa moja. Geuza pakiti usome nyuma yale maandishi madogo utakuta vitu vitatu vinne vimeunganishwa kwenye kidonge kimoja, kuna cha kushusha homa na maumivu, kuna cha kuzibua pua, kuna cha kukausha makamasi kinacholeta usingizi, wengine wanaongeza cha kutuliza kikohozi na wengine wanatia kafeini ili ule usingizi usikuzidi. Virusi vyenyewe hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoviua. Mafua ya kawaida yanaisha kwa siku 7 mpaka 10 umeze usimeze, kwa hiyo kinachonunuliwa pale ni nafuu tu, na nafuu ni kitu kizuri sipingi, ila kwa mwenye utumbo mgonjwa lazima ajue hiyo nafuu inatoka kwa nani kati ya hao wanne.

Mkubwa wa kumwogopa ni ibuprofeni na ndugu zake, diklofenaki, naproksini, na aspirini ile ya dozi ya maumivu. Hizi zinatuliza maumivu kwa kuzuia mwili usitengeneze kemikali zinazoitwa prostaglandini. Sasa prostaglandini hizo hizo zinazoleta maumivu na homa ndo zinazolinda ukuta wa ndani wa tumbo na utumbo, zinafanya ute utoke na damu ifike vizuri. Kidonge hakijui kichwa kiko wapi na utumbo uko wapi, kinazuia kote. Mtu mwenye utumbo mzima ana akiba ya kutosha, lakini ukuta ambao umeshawahi kuwa na vidonda na unashikiliwa na dawa usipasuke tena hauna akiba hiyo. Ndo maana mtu akipatikana na koliti au Crohn, moja ya mambo ya mwanzo ambayo daktari makini anamwambia ni akae mbali na ibuprofeni na jamaa zake.

Nikiwa mkweli, sio kila anayemeza anaharibikiwa. Wapo wanaomeza siku mbili tatu na hakitokei kitu, na wataalamu nao hawazungumzi kwa sauti moja kuhusu ukubwa wa hatari ikiwa ni siku chache na ugonjwa umetulia. Lakini hakuna kipimo cha kukuambia kabla kwamba wewe uko kundi la wanaopona au kundi la wanaorudi kitandani, na mafua yenyewe yanaisha bure, kwa hiyo kwangu mimi hiyo ni kamari isiyo na faida. Naongeza kitu kimoja hapa ili mtu asinielewe vibaya, mwenye kupewa aspirini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo asije akaisoma barua hii akaiacha, hiyo ni habari nyingine na anaizungumza na daktari wake.

Alafu tukiacha utumbo kuna dawa zetu zenyewe. Ukiwa kwenye prednisoloni, ile steroidi ya kutuliza ugonjwa ukiwaka, na ukaongeza ibuprofeni, zote mbili zinabonyeza pale pale tumboni, uwezekano wa kidonda na kutokwa damu unapanda. Mesalazini mara chache inaweza kusumbua figo, ndo maana tunapimwa figo, na ibuprofeni nayo inasumbua figo, sasa unaziweka pamoja hasa ukiwa na homa, hunywi maji ya kutosha na labda unaharisha. Methotreksati, nayo ni ya kupunguza kinga, inatolewa mwilini na figo, dawa za familia ya ibuprofeni zinaweza kupunguza kasi hiyo na methotreksati ikabaki mwilini nyingi kuliko inavyotakiwa. Hayo yote yameandikwa kwenye zile karatasi nyembamba zinazokunjwa ndani ya boksi, ambazo wengi wetu hatuzisomi kwa sababu maandishi yake ni madogo kama siafu na hata ukiyaona unakutana na maneno ya kitaalamu mstari mzima.

Na hapo ni kama umepewa hilo boksi. Mara nyingi hupewi. Unasema unaumwa mafua, muuzaji anachukua mkasi anakata vidonge vinne kutoka kwenye shiti ya kumi, na jina la dawa kwenye ile karatasi ya fedha ya nyuma linakatika katikati, wewe unabaki na silabi mbili za mwisho na tarehe ya kuisha imebaki na mwenzako atakayekuja baadaye. Maelekezo ni kutwa mara tatu. Swali "unatumia dawa gani nyingine" halikuulizwa. Nimelisikia likiulizwa mara chache sana na kila mara aliyeuliza alikuwa mfamasia mwenyewe, sio kijana aliyeachiwa duka. Swali lenyewe halichukui hata sekunde kumi jamani.

Cha kumeza basi ni kipi? Kwa maumivu na homa ni parasetamoli, hiyo ndo wenye matatizo ya utumbo kwa kawaida wanaelekezwa kwa sababu haigusi ukuta wa tumbo kama hizo nyingine. Lakini nayo ina mtego wake, na mtego ni hizi hizi dawa za mchanganyiko. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, viwili viwili na angalau saa 4 katikati, na mwenye mwili mdogo sana au ini lenye shida anapaswa kuambiwa kiwango chake ambacho ni chini ya hapo. Sasa mtu anakunywa ile ya unga ya kukoroga kwenye maji moto, ndani ina parasetamoli, anameza na kidonge cha mafua, ndani ina parasetamoli, kichwa bado kinagonga anaongeza na parasetamoli yenyewe, na moyoni anaamini kanywa dawa tatu tofauti. Kumbe ini linahesabu dawa moja mara tatu. Na wengi wetu ini letu tayari linachunguzwa kila baada ya muda kwa sababu ya azathioprini au methotreksati. Kwa mtazamo wangu mwenye ugonjwa sugu aachane kabisa na vidonge vya mchanganyiko, anunue kitu kimoja kinachojulikana kwa tatizo moja, pua ikiwa ndo inasumbua ashughulikie pua, kichwa kikiuma ashughulikie kichwa.

Tena kwenye hivyo vya mchanganyiko kuna kitu watu hawaambiwi. Cha kuzibua pua kilichomo kwenye vidonge vingi kinaitwa fenilefrini. Mwezi Septemba 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani walikaa wakapitia ushahidi na wakasema wote kwa pamoja kwamba fenilefrini ya kumeza haizibui pua, mwaka 2024 mamlaka yenyewe ikapendekeza iondolewe kwenye dawa hizo. Ile ya kupuliza puani hawakuigusa, tatizo ni ya kumeza. Kwa hiyo unaweza kukuta umejiweka kwenye hatari ya ibuprofeni kwa sababu tu ulitaka pua izibuke, na kilichowekwa kuizibua hakizibui.

Pseudoefedrini yenyewe inafanya kazi, hiyo hatuibishii, inabana mishipa ya damu ndani ya pua na pua inafunguka. Shida haibani ya puani tu. Presha inaweza kupanda, na mwenye prednisoloni presha yake huenda tayari iko juu juu, moyo unaenda mbio, usingizi hamna, na prednisoloni nayo ilishakunyima usingizi. Kwenye madhara yake adimu yaliyoandikwa lipo la utumbo mpana kukosa damu ya kutosha, dalili ni maumivu ya tumbo ya ghafla na damu kwenye choo. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mgonjwa wa koliti aione hiyo damu, atafikiri ugonjwa umerudi tu, hata hatokumbuka kutaja dawa ya pua. Hilo peke yake linatosha kumwambia daktari kila ulichomeza hata kama unaona hakihusiani. Kwa pua mimi natumia maji ya chumvi ya kusafishia pua, hayagombani na dawa yoyote, na zile dawa za kupuliza za kuzibua ukizitumia zisizidi siku chache kwenye maelekezo maana zikizidi pua inaziba kuliko mwanzo.

Za kukausha makamasi zinazoleta usingizi, klorofeniramini na wenzake, pamoja na kodeini kwenye dawa za kikohozi, zinapunguza mwendo wa utumbo. Mtu mwenye Crohn ambaye sehemu ya utumbo imeshakuwa nyembamba kwa makovu hataki utumbo upunguze mwendo hata kidogo, pale panaweza kuziba. Na mwenye koliti iliyowaka vibaya hatakiwi kabisa kujizuia kuharisha kwa dawa bila daktari, utumbo mpana unaweza kuvimba ukajaa hewa na hiyo ni dharura ya hospitali. Ugonjwa ukiwa umetulia na njia iko wazi hali ni nyepesi zaidi, ndo maana narudia, kuna mtu inabidi akuulize.

Dawa za maji za kikohozi zile zisizo na sukari, na pipi za koo zisizo na sukari, nyingi zinatiwa utamu wa sobitoli. Sobitoli inavuta maji ndani ya utumbo, ukinywa ya kutosha inaharisha hata mtu mzima wa afya. Mgonjwa wetu anaharisha, anaingiwa hofu, anaanza kumeza steroidi zilizobaki nyumbani. Ilikuwa pipi. Angalia kama ni kuharisha maji tu bila damu na kumeanza baada ya hiyo dawa, iache kwanza uone, ila damu ikionekana piga simu kliniki.

Vitamini C ya dozi kubwa nayo inaharisha. Zinki inatia kichefuchefu. Mimea ya "kuongeza kinga" kama ekinasia usiiguse ukiwa kwenye dawa za kupunguza kinga, kwani wewe unalipwa kupunguza huku na kuongeza kule? Tuendelee.

Jambo ninalotaka wasomaji walishike zaidi ya yote hata la ibuprofeni likiwapita, ni hili la koo. Azathioprini, methotreksati na salfasalazini zinaweza kushusha chembe nyeupe za damu, na hata mesalazini imo kwenye orodha ingawa kwake ni nadra sana. Chembe zikishuka sana dalili ya kwanza inaweza kuwa koo kuuma vibaya na homa, labda na vidonda mdomoni au michubuko ya damu chini ya ngozi isiyoeleweka imetoka wapi. Mtu yeyote akiyasikia hayo atasema mafua. Ataenda dukani, atapewa cha kushusha homa, homa itashuka, atasema afadhali, na kinachoendelea ndani kinaendelea. Kwa hiyo ukiwa kwenye dawa hizo na ukapata koo la kuuma pamoja na homa ya nyuzi 38 au zaidi, usianzie duka la dawa, anzia kwenye kipimo cha damu siku hiyo hiyo, sio wiki ijayo siku ya kliniki. Wenye methotreksati nao wakipata kikohozi kikavu na kushindwa kupumua vizuri wasikae na sirapu, dawa yenyewe inaweza kuvimbisha mapafu na hiyo inahitaji daktari haraka. Na mwenye prednisoloni ajue kwamba homa yake inaweza isipande hata kama ana maambukizi makubwa, dawa inaificha, sasa ukijumlisha na za dukani za kushusha homa hakuna alama yoyote inayobaki ya kumshtua mtu.

Upande wa pili wa shilingi kuna hawa wanaoogopa kupita kiasi. Hili nalisikia sana benchini, "nimesimamisha za tumbo kwanza hadi nimalize za mafua zisije zikagongana". Hapana. Mesalazini ukiiacha kiholela ugonjwa unapata mwanya. Prednisoloni ukiwa umeitumia wiki kadhaa ukaikatisha ghafla mwili unakuwa hauna homoni yake ya kutosha ya kupambana, kwa sababu tezi zake zilishalala, na hiyo ni hatari hasa ukiwa unaumwa, wapo hata wanaotakiwa kuongezewa dozi wakiugua. Sindano kama infliksimabu na adalimumabu, ukiwa na homa au maambukizi piga simu kabla ya sindano inayofuata waamue wao isogezwe au la. Mafua mepesi bila homa kwa kawaida hayasimamishi chochote, ila uamuzi ni wa anayekutibu.

Na antibayotiki, maana hii nayo inatolewa dukani kwa mafua kama pipi. Kwanza virusi haviisikii. Pili sisi wenye utumbo mgonjwa tuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata yule bakteria anayeitwa Klostridioidesi anayestawi pale antibayotiki inapofagia bakteria wazuri, na kuharisha kwake kunafanana na ugonjwa wenyewe. Tatu mwenye methotreksati akipewa kotrimoksazoli, hii ambayo wengi wanaijua kwa jina la Septrin, zote mbili zinazuia kazi ya foleti, vitamini ya kutengenezea damu, mwilini na uboho unaweza kugoma kutengeneza damu. Watu wamekufa kwa mchanganyiko huo. Sio hadithi ya benchini, ni onyo linalofundishwa kwa wafamasia.

Sasa Mhariri, ombi langu. Siombi mtuandikie makala nzima kila mwezi, wagonjwa wa koliti na Crohn hatujai ukumbi. Ila hilo la kuuliza dawa nyingine haliko kwetu tu, mwenye figo, mwenye presha, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye baridi yabisi anayekunywa methotreksati hiyo hiyo, wote wanakutana na kidonge kile kile cha mafua. Mkiandika tena kuhusu mafua wekeni sentensi mbili kwenye kisanduku, moja ya msomaji na moja ya muuzaji. Ya msomaji: kama una dawa unayokunywa kila siku, nenda dukani na majina yake yameandikwa au picha ya pakiti kwenye simu, na useme unataka parasetamoli peke yake mpaka uambiwe vingine. Ya muuzaji: uliza kabla ya kuchukua mkasi, na ukikata kata ukimwachia mteja jina zima.

Na kama kuna mfamasia anasoma gazeti hili na anaona kuna mahali nimekosea dozi au nimechanganya jina, aandike wiki ijayo anisahihishe hadharani, sitanuna.

Ni mimi msomaji wenu wa kila wiki,
Mgonjwa wa koliti